Kihindi kwa anayejua Kiswahili: mwongozo kamili wa kuanza kusema, kusoma na kuelewa

Mtu anayejua Kiswahili haanzi Kihindi mikono mitupu. Ana maneno mengi ambayo Kihindi nacho kimeyapokea kutoka Kiarabu na Kiajemi, amezoea maneno kupatana ndani ya sentensi, na amelelewa katika lugha inayotofautisha namna ya kumwita mkubwa na mdogo. Mwongozo huu umejengwa juu ya mtaji huo. Ni wa anayekwenda India kusoma, kutibiwa au kufanya biashara, wa anayefanya kazi Muscat au Dubai bega kwa bega na Wahindi na Wapakistani, na wa yule ambaye ameangalia sinema za Kihindi tangu utotoni na sasa anataka kuelewa kinachosemwa.

Maneno ya Kihindi nimeyaandika hivi. Irabu mbili pamoja (aa, ii, uu) ni sauti ya kuvutwa. Herufi kubwa T, D, R na N ndani ya neno la Kihindi, hata mwanzoni mwake, ni sauti za ulimi uliokunjwa, nitazieleza chini. Wimbi juu ya irabu (ã, ẽ, ĩ, õ, ũ) lina maana kwamba sauti inapitia puani. Na herufi h ikifuata konsonanti, hiyo ni pumzi, isipokuwa katika ch na sh, ambazo ni kama zetu (ch yenye pumzi nimeiandika chh).

Hatua ya kwanza: hakikisha Kihindi ndicho unachokihitaji

Kwetu neno Kihindi hubebeshwa lugha yoyote ya mtu mwenye asili ya India. Familia nyingi za Kihindi za Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na Kampala nyumbani husema Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi, na hata maneno mengi ya Kiswahili tunayoyaita ya Kihindi yaliingia kwa mlango wa Kigujarati na Kikachi. Kihindi chenyewe ni lugha ya kaskazini na katikati ya India: Delhi, Uttar Pradesh, Bihar, Madhya Pradesh, Rajasthan, Haryana, Uttarakhand, Jharkhand, Chhattisgarh na Himachal Pradesh. Kimetoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwa kupitia lugha za kati zilizoitwa Prakrit, na umbo lake sanifu limejengwa juu ya Khari Boli, usemi wa Delhi na maeneo ya jirani. Tarehe 14 Septemba 1949 bunge lililotunga katiba ya India lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya serikali ya shirikisho, kiandikwe kwa maandishi ya Devanagari. Katika sensa ya mwaka 2011 watu zaidi ya milioni 528 walihesabiwa kuwa wasemaji wake wa kuzaliwa, ingawa chini ya jina hilo sensa huingiza pia Kibhojpuri, Kirajasthani na ndugu zake wengine.

Sasa jambo linalowagusa wagonjwa wetu na ndugu zao wanaowasindikiza. Ukipelekwa Chennai, Kihindi hakitakufikisha mbali. Huko ni nchi ya Kitamil, lugha ya ukoo mwingine kabisa, na mwaka 1965 jimbo hilo lilitikiswa na maandamano makubwa ya kukataa kulazimishiwa Kihindi. Jifunze salamu mbili tatu za Kitamil na utumie Kiingereza. Hyderabad ina Kitelugu, lakini pia ina Kiurdu chake cha kale, kwa hiyo Kihindi kinaeleweka vizuri. Mumbai na Ahmedabad zina lugha zao, Kimarathi na Kigujarati, lakini Kihindi kinapita barabarani bila shida. Bengaluru utapata wanaokielewa na wasiopenda kuzungumzishwa nacho. Delhi, Lucknow, Jaipur na Bhopal uko nyumbani kwake.

Na Kiurdu je? Katika mazungumzo ya kila siku, Kihindi na Kiurdu ni lugha moja yenye maandishi mawili. Sarufi ni ileile. Tofauti inaonekana lugha inapopanda juu: Kihindi cha taarifa ya habari huchota Kisanskriti, Kiurdu huchota Kiajemi na Kiarabu. Kitabu ni *kitaab* kwa wote wawili mtaani, lakini Kihindi rasmi kinapenda *pustak*. Wakati ni *vaqt* au *samay*. Kusubiri ni *intazaar* au *pratiikshaa*. Ushauri wangu kwa msomaji wa Kiswahili ni huu: anza na Kihindi cha mtaani, kile cha katikati ambacho Mhindi na Mpakistani wanaelewana nacho, kwa sababu ndicho kilichojaa maneno unayoyajua. Ndicho pia kinachosemwa kwenye sinema na kwenye maeneo ya kazi huko Ghuba.

Hatua ya pili: zoeza sikio na ulimi kabla ya msamiati

Hapa ndipo wengi huharakisha, na baadaye hawaeleweki hata wakijua maneno elfu. Kihindi kinatofautisha konsonanti kwa mambo mawili ambayo Kiswahili cha shuleni hakiyaandiki: pumzi, na mahali ulimi unapogusa.

Tuanze na pumzi. Waswahili wa pwani wana tofauti hii midomoni mwao. Mzee wa Mombasa akitamka *paa* la nyumba na *paa* mnyama, yule mnyama hutoka na pumzi. Vivyo hivyo *kaa* la moto halina pumzi, na *kaa* wa baharini anayo. Kama umekulia katika lahaja hizo, kazi yako imepungua sana. Kama hukukulia huko, shika karatasi nyepesi mbele ya midomo: ukisema *pal* (kitambo kidogo) isitikisike, ukisema *phal* (tunda) itikisike. Kisha fanya *kaanaa* (chongo) na *khaanaa* (chakula, kula), halafu *chaal* (mwendo) na *chhaal* (gome la mti).

Tahadhari kubwa: *dh*, *th* na *gh* za Kihindi si zile za dhahabu, thamani na ghali. *dhanyavaad* (ahsante) haianzi kwa sauti ya dhahabu. Inaanza kwa d ya kawaida iliyosukumwa na pumzi nzito kutoka kooni. *Ghar* (nyumba) ni g yenye pumzi. *Ph* nayo si f. Msomaji wa Kiswahili huingia katika mtego huu kwa urahisi kwa sababu herufi anazijua, basi anasoma kwa mazoea.

Upande wa ulimi, Kihindi kina t mbili na d mbili. Ya kwanza ulimi unagusa nyuma ya meno ya juu. Ya pili, niliyoiandika kwa herufi kubwa, ncha ya ulimi inakunjwa nyuma na kugusa paa la kinywa. Ukisema *daal* kwa meno umetaja dengu zilizopikwa, ukisema *Daal* kwa ulimi uliokunjwa umetaja tawi. Chukua maneno haya matatu uyaseme asubuhi na jioni mpaka yaachane: *saat* ni saba, *saath* ni pamoja, *saaTh* ni sitini. Dereva wa bajaji akikuambia *saaTh* wewe ukasikia *saat*, mtagombana wakati wa kulipa, na mwenye haki atakuwa yeye.

R iliyokunjwa (*R*) ni kofi la haraka la ulimi kutoka nyuma kwenda mbele. Iko katika *laRkaa* (mvulana) na *gaaRii*. Neno *gaaRii* unalijua tayari: ndilo gari letu.

Irabu ni rahisi. A fupi hutamkwa hafifu, karibu kumezwa, na *aa* ni a yetu iliyo wazi. *Ai* hutamkwa kama e iliyopanuliwa, si a na i mbali mbali. Sauti ya puani, kama katika *hũ* na *nahĩ* (hapana, si), fanya kama unataka kusema n lakini ulimi usifike popote.

Hatua ya tatu: soma Devanagari mapema

Wapo wanaosema maandishi yasubiri. Sikubaliani nao. Herufi za Kilatini zitakudanganya kila siku kuhusu pumzi na ulimi, ilhali Devanagari ina herufi pekee kwa kila sauti. Zaidi ya hapo, herufi zake zimepangwa kwa mpango wa kinywa, kutoka kooni hadi midomoni:

क ka, ख kha, ग ga, घ gha (kooni)
च cha, छ chha, ज ja, झ jha (kaakaani)
ट Ta, ठ Tha, ड Da, ढ Dha (ulimi uliokunjwa)
त ta, थ tha, द da, ध dha (kwenye meno)
प pa, फ pha, ब ba, भ bha (midomoni)

Kila mstari unakwenda kwa utaratibu uleule: bila pumzi, yenye pumzi, ya mghuno (inayotetemesha koo) bila pumzi, ya mghuno yenye pumzi. Mwishoni mwa kila mstari kuna sauti ya puani, na za kukariri mwanzo ni न na pamoja na म ma. Baada ya hapo ongeza य ya, र ra, ल la, व va, स sa, श sha na ह ha. Ukijifunza mstari mmoja kwa kikao, tayari umejifunza matamshi na maandishi kwa mkupuo mmoja.

Kila konsonanti huzaliwa na a ndani yake. Kuibadilisha unaongeza alama: का kaa, कि ki, की kii, कु ku, कू kuu, के ke, को ko. Angalia कि vizuri: alama ya i fupi huandikwa *kabla* ya konsonanti ingawa husomwa baada yake. Nukta iliyo chini ya ड huifanya ड़, ile R ya *gaaRii*. A ya mwisho wa neno kwa kawaida haitamkwi, ndiyo maana घर husomwa *ghar* na si *ghara*.

Konsonanti zikikutana bila irabu katikati, ya kwanza hukatwa nusu. Itazame salamu yenyewe, नमस्ते. Herufi ya kwanza न ni na. Ya pili म ni ma. Ya tatu ni स iliyopoteza mguu wake wa kulia, kwa hiyo ni s tupu. Ya nne ते ni ta yenye mkwaju wa e juu yake, yaani te. Na-ma-s-te. Mstari wa juu unaounganisha herufi zote huchorwa mwisho.

Faida utaiona siku ya kwanza ukiwa stesheni. Kwenye milango ya choo utakuta पुरुष *purush* (wanaume) na महिला *mahilaa* (wanawake), mara nyingine bila mchoro. Milango mikubwa ina प्रवेश *pravesh* (kuingia) na निकास *nikaas* (kutoka). Na kwenye nguzo za umeme kuna खतरा *khatraa*, ndugu wa neno letu hatari.

Hatua ya nne: chukua maneno yako, lakini yakague

Andika orodha hii kwa mkono: *duniyaa* dunia, *khabar* habari, *safar* safari, *vaqt* wakati, *subah* asubuhi, *taariikh* tarehe, *hisaab* hesabu, *faaydaa* faida, *davaa* dawa, *saabun* sabuni, *sanduuk* sanduku, *dukaan* duka, *kalam* kalamu, *savaal* swali, *javaab* jawabu, *vakiil* wakili, *havaa* hewa, *umr* umri, *shak* shaka, *taiyaar* tayari, *saaf* safi. Maneno madogo ya kuunganishia mazungumzo yapo pia: *lekin* lakini, *yaanii* yaani, *baad* baada, *bas* basi au inatosha. Kutoka upande wa biashara na jikoni tuna *paisaa* pesa, *laakh* laki, *biimaa* bima, *chapaatii* chapati, *achaar* achari, *kachumbar* kachumbari. Haya mengine safari yake ni ya moja kwa moja, India hadi pwani kwa majahazi ya msimu.

Kanuni ya kukisia: ondoa irabu ya mwisho ya Kiswahili, na irabu tulizopachika katikati ya konsonanti mbili. Habari inakuwa *khabar*, wakati inakuwa *vaqt*, umri inakuwa *umr*. Kanuni haikamati kila neno, ila inakupa mahali pa kuanzia.

Halafu kuna maneno ya mtego. Ya ukoo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu sauti ni zilezile lakini mtu ni mwingine. *Maamaa* kwa Kihindi ni mjomba, kaka wa mama. *daadaa* ni babu mzaa baba. *Kaakaa* au *chaachaa* ni baba mdogo. *naanaa* ni babu mzaa mama. Mwenyeji akikuambia "ye mere maamaa hãi", anakutambulisha kwa mjomba wake, usishangae ukiona ndevu. Nje ya ukoo, *bandar* ni kima, *mahal* ni kasri, *gariib* ni maskini, *fikr* ni wasiwasi, na *jaanaa* ni kwenda.

Neno la kukariri peke yake ni *kal*. Lina maana ya jana na lina maana ya kesho. Kitenzi ndicho kinachoamua: *kal jaaũgaa* ni nitakwenda kesho, *kal gayaa thaa* ni nilikwenda jana. *Parsõ* nalo ni juzi na keshokutwa kwa pamoja. Ukipanga miadi, taja siku ya wiki: *somvaar* Jumatatu, *mangalvaar* Jumanne, *budhvaar* Jumatano, *guruvaar* Alhamisi, *shukravaar* Ijumaa, *shanivaar* Jumamosi, *ravivaar* au *itvaar* Jumapili.

Hatua ya tano: jenga sentensi

Kitenzi huja mwisho. *Maĩ chaay piitaa hũ*: mimi, chai, kunywa, ni. Ukianza kila sentensi kwa kuuliza nani, kisha nini, kisha kafanya nini, utazoea haraka.

Nomino zina jinsia mbili tu, na kwa mtu aliyekua na ngeli zaidi ya kumi hilo ni nafuu kubwa. Nyingi zinazoishia -aa ni za kiume na wingi wake ni -e: *laRkaa*, *laRke*. Nyingi zinazoishia -ii ni za kike na wingi wake ni -iyã: *laRkii*, *laRkiyã*. Zilizobaki jifunze pamoja na kivumishi chake, si peke yake: sema *achchhii kitaab* (kitabu kizuri, cha kike), *achchhaa ghar* (nyumba nzuri, ya kiume). Na ujihadhari na *paanii* (maji), *haathii* (tembo) na *aadmii* (mtu, mwanamume): zinaishia -ii lakini ni za kiume.

Umilikaji ndio unaonifurahisha kuliko yote kufundisha. Sisi tunasema kitabu cha Ali, gari la Ali, na kiunganishi kinafuata kile kinachomilikiwa. Kihindi kinafanya hivyohivyo: *Alii kii kitaab*, *Alii kaa ghar*, *Alii ke laRke*. *Kii* imekuja kwa sababu kitabu ni cha kike, wala haimhusu Ali. Wanafunzi kutoka lugha nyingine huteseka hapa kwa miezi. Wewe kumbuka jambo moja tu: mpangilio umegeuzwa, mwenye mali anatangulia.

Maneno ya mahali hufuata nomino kama -ni yetu inavyofuata. *Ghar mẽ* ni nyumbani, ndani. *Mez par* ni mezani, juu yake. *dillii se* ni kutoka Delhi. *Alii ko* ni kwa Ali. Nomino ya kiume ya -aa ikifuatwa na maneno haya hubadilika kuwa -e: *laRkaa*, lakini *laRke ko*.

Kitenzi cha mazoea ni shina, kisha -taa kwa mwanamume, -tii kwa mwanamke, -te kwa wingi au heshima, kisha *hũ, hai, ho, hãi*. Mwanamume: *maĩ jaataa hũ*. Mwanamke: *maĩ jaatii hũ*. Kinachotendeka sasa hivi: *maĩ jaa rahaa hũ*, au *jaa rahii hũ*. Kitakachokuja: *maĩ jaaũgaa*, au *jaaũgii*. Kukana, weka *nahĩ* kabla ya kitenzi. Kukataza, weka *mat*.

Wakati uliopita ndio mlima. Kitenzi chenye mtendwa kikionyesha jambo lililokamilika, mtenda hupewa *ne* na kitenzi humwacha mtenda, kikapatana na kinachotendwa. *LaRkii ne seb khaayaa*: msichana alikula tofaa. Msichana ni wa kike, lakini *khaayaa* ni ya kiume kwa sababu *seb* ni la kiume. *Maĩne chaay pii*: nilikunywa chai, na *pii* ni ya kike kwa sababu chai ni ya kike, hata kama mnywaji ni mwanamume. Kitenzi kisicho na mtendwa hakihitaji *ne*: *maĩ gayaa*, nilikwenda. Hatua hii usiifikie mpaka wakati uliopo umekaa sawa, na ukiifikia fanya mazoezi kwa vitenzi vitano tu: kula, kunywa, kuona, kununua, kusema.

Mwisho kuna sentensi ambazo jambo linamjia mtu. *Mujhe bhuukh lagii hai*, njaa imenishika. *Mujhe bukhaar hai*, nina homa. *Mujhe Hindii nahĩ aatii*, sijui Kihindi. Kuwa na kitu mkononi ni *mere paas paise hãi*, nina pesa.

Hatua ya sita: heshima

Kuna "wewe" tatu. *Aap* ni ya heshima na ndiyo ya kutumia kwa kila mtu mzima mpaka uambiwe vinginevyo. *tum* ni ya marika na wadogo. *tuu* ni ya mtoto mdogo, ya mpenzi, ya Mungu katika dua, na ya matusi. Mgeni aiache kabisa.

Neno la tafadhali, *kripyaa*, lipo, lakini utalisikia zaidi kwenye vipaza sauti vya stesheni: *yaatriigaN kripyaa dhyaan dẽ*, abiria tafadhali sikilizeni. Mtaani adabu imo ndani ya kitenzi: *baiThiye* (karibu ukae), *aaiye* (karibu, njoo), *diijiye* (nipatie). Linganisha na *baiTho* ya rafiki.

Watu huitana kwa majina ya udugu kama kwetu. Dereva au muuzaji ni *bhaiyaa* (kaka), dada wa makamo ni *diidii*, mzee ni *chaachaa* au *baabaa*, mama mzee ni *maataajii*. Ongeza *jii* kwenye jina au cheo. Daktari ni *DaakTar saahab*. Mtu mmoja anayeheshimiwa husemwa kwa wingi hata akiwa hayupo: *pitaajii aa rahe hãi*, baba anakuja.

Hatua ya saba: namba, saa na bei

Moja hadi kumi: *ek, do, tiin, chaar, pãch, chhah, saat, aaTh, nau, das*. Makumi: *biis* 20, *tiis* 30, *chaaliis* 40, *pachaas* 50, *saaTh* 60, *sattar* 70, *assii* 80, *nabbe* 90, *sau* 100. Elfu ni *hazaar*, laki ni *laakh*, na milioni kumi ni *karoR*. Kati ya 11 na 99 karibu kila namba ina umbo lake la kukariri, *pachchiis* 25, *ninyaanve* 99, na hakuna njia ya mkato. Anza na makumi na zinazoishia tano, kwa kuwa bei nyingi huangukia hapo.

Kwa maandishi laki moja huandikwa 1,00,000. Alama zinapangwa tofauti na zetu, kwa hiyo hesabu sifuri kabla hujalipa ankara ya hospitali.

Nusu zina maneno yake. *DeRh* ni moja na nusu, *Dhaaii* ni mbili na nusu, na kuanzia tatu unatumia *saaRhe*. Kwa hiyo *DeRh sau* ni 150 na *Dhaaii sau* ni 250.

Saa za India hazihesabiwi kutoka alfajiri kama zetu. *das baje* ni saa nne yetu, *saaRhe das baje* ni saa nne na nusu. *Savaa das* ni saa nne na robo, na *paune das* ni saa nne kasorobo. *Dhaaii baje* mchana ni saa nane na nusu. Mgonjwa akipewa miadi, mwandikie kwa tarakimu kisha muirudie kwa sauti pamoja na muuguzi.

Hatua ya nane: maneno ya siku ya kwanza

Salamu: *namaste*. Kwa Mwislamu *assalaamu alaikum* inapokelewa vizuri kama pwani. *Aap kaise hãi?* U hali gani (kwa mwanamume), *aap kaisii hãi?* (kwa mwanamke). *Maĩ Thiik hũ*, mzima. *Meraa naam … hai*, jina langu ni … *Shukriyaa*, ahsante. *Maaf kiijiye*, samahani.

Barabarani na sokoni: *ye kitne kaa hai?* hii bei gani. *Bahut mahangaa hai*, ghali sana. *thodaa kam kiijiye* ndivyo utakavyoliona kwenye simu, ila d yake ni ile R iliyokunjwa, *thoRaa*: punguza kidogo. *Siidhaa*, moja kwa moja. *Yahã rok diijiye*, simamisha hapa. *Mirch kam Daaliye*, weka pilipili kidogo, na hiyo kidogo yao bado ni nyingi.

Hospitali: *yahã dard hai*, hapa panauma. *PeT* tumbo, *sir* kichwa, *kamar* kiuno, *dil* moyo, *khuun* damu. Utaulizwa *kab se?* tangu lini, ujibu *tiin din se*, tangu siku tatu. Utaambiwa *leT jaaiye*, lala. *Lambii sãs liijiye*, vuta pumzi ndefu. *Mũh kholiye*, fungua mdomo. Juu ya dawa: *khaane ke baad*, baada ya kula; *khaane se pahle*, kabla ya kula; *khaalii peT*, bila kula kitu; *din mẽ do baar*, mara mbili kwa siku. Na hizi tatu zikae ulimini daima: *dhiire boliye*, sema polepole, *phir se boliye*, rudia, *mujhe samajh nahĩ aayaa*, sikuelewa.

Kwa maelezo ya upasuaji na karatasi za kutia saini, usitegemee Kihindi cha kuanzia hata kidogo. Madaktari wa hospitali kubwa hutumia Kiingereza, na una haki ya kudai mkalimani. Kihindi chako kitafanya kazi kwa mhudumu wa wodi, mpishi, mfua nguo na dereva, watu utakaokuwa nao saa nyingi kuliko daktari.

Namna ya kuendelea

Soma kidogo kila siku kwa sauti, usikusanye masomo yote Jumapili. Weka kibodi ya Kihindi kwenye simu na uwaandikie wenzako kwa Devanagari. Chukua kipande kifupi cha sinema, mazungumzo na si wimbo, ukisikilize bila tafsiri, kisha na tafsiri, kisha ukiseme pamoja na mwigizaji. Nyimbo huvuta irabu na kupanga maneno kwa ajili ya vina, hivyo ziache mpaka sarufi ikae, hata kama mahadhi yake umeyasikia kwenye taarab maisha yako yote.

Akitokea mwalimu, mpate. Kituo cha utamaduni cha India kilichoko Dar es Salaam, chenye jina la Swami Vivekananda, hufundisha Kihindi, na Agra kuna Kendriya Hindi Sansthan, taasisi ya serikali inayopokea wageni. Ukiwa mwanamume na mwalimu wako ni mwanamke, au kinyume chake, usimwige vitenzi vyake anapojisemea. Yeye atasema *maĩ jaatii hũ*, wewe jibu *maĩ jaataa hũ*, na umwombe akusahihishe hapohapo kila unapoteleza.